Namna ya kuandika habari za mtu mzima mwenye ulemavu na watu wa mtaa wake

Habari ya kwanza niliyoandika kuhusu mtu mwenye ulemavu ilikuwa ya fundi nguo mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na anashona kwa cherehani ya mkono. Niliiandika kwa moyo wangu wote. Nilipompelekea nakala aliisoma taratibu, akaikunja mara mbili, akaniambia: "Mwandishi, miguu umeitaja mara saba. Cherehani umeitaja mara moja." Nikarudi nyumbani nikahesabu. Kweli zilikuwa saba.

Sasa ni miaka kumi na moja tangu siku ile, na bado naandika, mara kwa jarida la mtaani, mara kwa redio ya jamii. Nikiombwa na vijana niwaeleze namna ya kuandika habari za aina hii, naanza na ile hesabu ya fundi. Haya yanayofuata ndiyo ninayoyafanya tangu ninapotoka nyumbani na daftari hadi habari inapotoka.

Mtaa kwanza

Wengi tukisikia "ushirikishwaji wa watu wenye ulemavu" tunaona hafla: watu wamealikwa, wamevaa fulana za rangi moja, mgeni rasmi amehutubia, picha ya pamoja imepigwa. Kesho yake kila mtu amerudi kwake na mlango umefungwa. Hiyo ni shughuli ya siku moja, iripoti hivyo. Habari ninayoitafuta mimi ni ya siku nyingine zote: huyu mtu ana nafasi gani kwa wenzake, na akikosekana pengo linaonekana wapi?

Kwetu mtu anakuwa wa mtaa pale anapodaiwa. Anadaiwa mchango wa msiba, anadaiwa zamu ya usafi, anadaiwa faini ya kuchelewa kikao. Yule anayesamehewa kila kitu, hata akisamehewa kwa huruma ya kweli, jina lake limetoka kwenye daftari.

Kwa hiyo usimuulize "jamii inakuchukuliaje?" Atakujibu "vizuri tu," na hapo mtakuwa mmeishia. Muulize vitu vyenye jina na siku. Msiba wa mwisho hapa ulikuwa kwa nani, na wewe ulipangiwa kazi gani? Usipoonekana siku mbili, nani wa kwanza kubisha hodi? Nani anakudai, na wewe unamdai nani? Mara ya mwisho kusimama kwenye mkutano wa mtaa ulisema nini, na ulijibiwa nini? Kisha toka, nenda kwa jirani, muulize hayo hayo kuhusu yeye. Majibu yakipishana, umeshapata habari.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja asiyeona ni mwanachama wa kikoba, na nilikwenda kutazama kikao chao Jumamosi saa kumi jioni. Sanduku la kikundi lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Mmoja ulikuwa kwake, umefungwa kwenye pindo la khanga. Bila yeye sanduku halifunguki. Nilikuwa nimekuja na habari yangu kichwani, kwamba nitaandika jinsi wenzake walivyomrahisishia mambo. Nikakaa nikatazama. Salio la kikao kilichopita lilitajwa kwa sauti na wote wakalirudia. Hisa zikatajwa moja moja, jina kwa jina. Fedha zikahesabiwa kwa sauti, mbele ya macho na masikio ya kila mtu. Ndivyo vikoba vingi vinavyofanya, ili asiyejua kusoma asidhulumiwe na mwenye mkono mwepesi asipate nafasi. Hakuna kilichokuwa kimebadilishwa kwa ajili ya mama huyu. Utaratibu ulikuwa unamtosha tangu mwanzo. Alipopewa noti aliilaza juu ya kiganja, akasogeza kidole hadi ncha yake, akasema, "Hii elfu tano," maana noti zetu hazilingani urefu. Baadaye mwanachama mmoja akaingia amechelewa dakika ishirini, na sauti ya kwanza kusema "faini!" ilikuwa ya mama huyo. Wiki iliyotangulia alikuwa ametozwa yeye.

Habari yangu nikaianzia kwenye ile faini.

Na ukikuta hakuna anayebisha hodi, andika hivyo hivyo. Usiifunike dhiki ili habari ipendeze. Nilimkuta mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye mtindio wa ubongo, hajatoka uani tangu masika. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba "ametengwa na jamii." Nilipouliza zaidi nikaambiwa kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa akimbeba kuvuka mtaro, na mdogo wake amehamia Dar es Salaam. Mtaro ule una upana wa hatua mbili na hauna daraja. Jamii yote haiwezi kujibu shutuma ya kutenga, lakini mwenyekiti wa mtaa anaweza kuulizwa habari za mtaro.

Neno "mzima"

Kiswahili chetu kina mtego hapa, na nimeona wengi wakinaswa. "Mzima" ni aliye na afya, asiye na kasoro. Na "mtu mzima" ni aliyekwisha kukua. Ukiandika "watu wenye ulemavu walikaa meza moja na watu wazima," umewavua mambo mawili kwa mpigo, uzima na umri. Nimelisoma jambo hili kwenye ripoti iliyopigwa muhuri. Andika "watu wasio na ulemavu," basi.

Kosa hili halikai kwenye maandishi tu. Kaka yangu mkubwa ana miaka 46 na ana ulemavu wa akili. Kwa miaka mingi watoto wa jirani walikuwa wakiingia kwetu wananipa mimi shikamoo, na yeye wanamwambia "mambo." Nilikuwa nimezoea, sikuona kitu. Siku moja akaja binti mgeni kutoka Lushoto, hamjui mtu, akamwendea kaka kwanza kwa sababu ndiye mkubwa: "Shikamoo, mjomba." Kaka akaitikia "marahaba" kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilishika mlango. Tangu siku ile, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu kuna swali: nani anampa shikamoo?

Kwa hiyo mwandike kwa umri wake. Mtu wa miaka 40 si "kijana wetu" wala "mtoto wa mama fulani." Tumia jina analoitwa na wateja au majirani: fundi, mwalimu, mama nani, mzee nani. Muulize mambo ya watu wazima, yaani kodi ya nyumba, kura, madeni, ndoa, watoto, shamba. Ya chumbani usiyaulize, kama ambavyo usingemuuliza mtu mwingine.

Maneno mengine ya kuchuja

Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: majina haya yanaanza kama kiti na kikombe, ingawa tunayapatanisha kama majina ya watu. Ndiyo sababu mojawapo wengi wameyaacha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inatumia "mtu mwenye ulemavu," na mimi naanzia hapo. Ila usiifanye kuwa kanuni ya chuma. CHAVITA ni Chama cha Viziwi Tanzania, jina walilochagua wenyewe, na viziwi niliokaa nao wengi hawataki kuitwa "wenye ulemavu wa kusikia." Wanasema: sisi ni viziwi, tuna lugha yetu. Uliza, kisha andika ulivyojibiwa. (Na lugha hiyo kwetu ni lugha ya alama, Wakenya husema lugha ya ishara. Angalia unamwandikia nani.)

"Zeruzeru" usiliandike, hata ndani ya nukuu, kama hakuna sababu nzito. Ni mtu mwenye ualbino. "Taahira" na "punguani" ni matusi, yaache huko huko.

Usiseme mtu "amefungwa kwenye kiti mwendo." Kiti ndicho kinachomtoa ndani.

Sasa sikiliza vitenzi, maana hapo ndipo sisi wenye nia njema tunapoharibu. Kitenzi kikirudiwa kinapungua uzito: "anashonashona," "anafanyafanya biashara," "anasaidiasaidia pale gereji." Ukimwandika mwingine unasema anashona, anafanya biashara, anafanya kazi gereji. Kaka yangu hupanga viti kwenye misiba ya barabara yetu, kumi kumi kwa mstari, na hajawahi kukosea idadi. Wanamtumia mtu kuja kumwita. Aliyeandika kwamba "hupenda kusaidia kwenye shughuli" hakukosea sana, lakini kazi ya mtu ameigeuza kuwa mchezo. Tahadhari hiyo hiyo kwa "kibiashara chake," "kiduka chake," kama duka lenyewe ni sawa na la jirani.

Ukimaliza rasimu, pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa: alipewa, alifundishwa, alisaidiwa, alikabidhiwa. Kisha hesabu vile anavyotenda yeye: anauza, anadai, anakataa, anagombana, anachanga. Vya kwanza vikizidi sana, maana yake umezungumza na wafadhili zaidi kuliko ulivyozungumza naye. Rudi kwake.

Halafu kuna "licha ya." "Licha ya ulemavu wake, fundi huyu anashona." Mimi ndiye niliyeiandika sentensi hiyo. Dawa yake ni kwenda karibu na kueleza kazi inafanywaje. Mkono wake wa kulia unazungusha gurudumu la cherehani, wa kushoto unaongoza kitambaa, kwa hiyo hana mkono wa tatu wa kukikaza. Pindo refu la sketi lazima alibane kwa pini kwanza, kila baada ya upana wa vidole vinne, ndipo azungushe. Kwa sababu hiyo mapindo marefu huyafanya asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, na kola na mifuko huziacha za mchana, maana hizo anaweza kushona huku anazungumza. Ukishaandika hayo, "licha ya" haina mahali pa kukaa.

Na methali yetu, "hujafa hujaumbika." Tunaitumia kumkanya anayecheka, na kumkanya ni vizuri. Lakini ukiiweka kwenye habari, huyo uliyemwandika amegeuka kuwa mfano wa baya linaloweza kukupata wewe msomaji. Nilimuuliza yule mama wa kikoba anaisikiaje. Akasema, "Mimi nimeshaumbika. Nilimaliza kuumbwa siku nyingi."

Mkiwa mmekaa

Kaa kimo chake. Yeye yuko kwenye mkeka, nawe shuka kwenye mkeka.

Sema naye, usiseme na aliyekuja naye. "Anasemaje?" ni swali la kumvuka mtu akiwa mbele yako. Na kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama na umlipe. Mtazame kiziwi mwenyewe wakati unauliza, si mkalimani. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi akutafsirie habari za deni au ugonjwa wa baba yake. Mkae penye mwanga. Nimewahi kuona mkutano wa mtaa ulioanza saa kumi na moja jioni ukavuta hadi giza, na viziwi wawili waliokuja wakabaki hawaambulii kitu, kwa kuwa mikono haionekani gizani. Hilo lilikuwa habari, na lilitatuliwa kwa kusogeza saa.

Mwenye usemi mzito, mwache amalize. Usimkamilishie neno. Kama hukuelewa, sema hukuelewa, umwombe arudie. Kuitikia "ee, ee" ni kumdanganya.

Mwenye ulemavu wa akili anahitaji muda wako zaidi kuliko mwingine yeyote. Uliza swali moja, fupi, la kitu kinachoonekana. Epuka maswali ya ndiyo na hapana, kwa sababu wengi wamefunzwa kuitikia ndiyo ili watu waridhike. Tembea naye hadi mahali anapofanyia kazi, atakuonyesha zaidi ya atakavyokusimulia. Rudi siku ya pili. Ndugu zake wasikilize pia, ila maneno yao yaandike kuwa ni yao. Nakumbuka nikimwuliza kaka mbele ya mama kama anapenda kazi ya viti, mama akajibu "anapenda sana." Jioni, tukiwa wawili, akaniambia angependa apewe kazi ya kukusanya michango.

Pima

Beba futikamba. Watu wanaandika "mazingira si rafiki," na msomaji haoni chochote. Mimi huhesabu ngazi na kupima kimo chake. Ofisi moja niliyoipima ina ngazi tatu, kila moja sentimita 17, jumla sentimita 51. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa mteremko wa kupitishia kiti mwendo ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Piga hesabu: unahitajika mteremko wa mita 6 na sentimita 12. Pale ulikuwepo mteremko, na ripoti ilikuwa imeandika "upo." Urefu wake ulikuwa mita moja na nusu. Mtu akiushuka peke yake anaangukia kifudifudi barabarani. Pima upana wa mlango wa choo nao. Uliza nauli ya bajaji kutoka kwake hadi kwenye mkutano, kwenda na kurudi, uilinganishe na anachopata kwa siku.

Takwimu na sheria

Zitumie chache, na kila moja ifanye kazi. Sensa ya 2022 Tanzania ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Iachie msomaji aishushe mtaani kwake: kwenye watu wazima mia wa mtaa, anawaona wangapi kikaoni? Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ukiandika kuhusu kiwanda, uliza idadi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii atakupa orodha ya vikundi. Usiishie kwenye orodha. Nenda kikundini umtafute mtu mwenye ulemavu aliyeandikwa humo, umuulize mradi uko wapi na faida ya mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani. Utakuta wanaojua kila shilingi, na utakuta walioazima jina lao tu. Angalia na tarehe: mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea 2024, kwa hiyo kikundi kilichonyimwa kipindi hicho hakikunyimwa peke yake.

Picha sina mengi. Piga kwa kimo cha macho yake, akiwa na watu, akiwa kazini. Ukisimama juu yake na kamera, kila mtu hutoka kama anaomba.

Kabla haijatoka

Msomee. Kama hasomi, msomee kwa sauti. Kama ni kiziwi, rudi na mkalimani. Muulize jina lake litajwe au lisitajwe, na umweleze nani ataisoma. Fundi wangu ameniomba jina lake lisitokee kwenye mwongozo huu, ndiyo maana hulioni.

Miaka minne baada ya ile habari ya miguu saba, alikubali nimwandike tena. Nilimsomea akiwa ameinamia sare za shule, hakunikatiza kwenye pini wala kwenye kola. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba kwenye michango ya mtaa hajawahi kubaki nyuma, akainua mkono.

"Hilo litoe. Nadaiwa elfu tano ya msiba wa kwa mzee hapo kona. Wakisoma watasema nimekudanganya."

Nikakata mstari ule, nikaandika juu yake: anadaiwa elfu tano.

Akaniambia niongeze kwamba atalipa Ijumaa.